Umande wa Uongo

Mimi sijui kukaa. Tangu nianze kuandika habari hii nimeinuka mara tatu: mara ya kwanza kuangalia chungu, mara ya pili kufukuza kuku, mara ya tatu bila sababu yoyote, nikafika mlangoni nikarudi. Ndivyo nilivyoumbwa. Na ufundi nilioachiwa na baba yangu ni wa mtu anayeweza kukaa: kupiga magoti mbele ya rundo la mavi, kutazama vitu vilivyoota juu yake, vidogo kuliko punje ya mchele, mpaka ujue ni vipi na vina siku ngapi. Nasema mavi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa. Anayeona kinyaa aishie hapa, hatutagombana.

Baba alikuwa mlinzi wa mpunga na mwindaji wa viboko, kando ya mto mkubwa, ukishapita Kibiti. Kila msimu tulihamia shambani tukakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kwa sababu kiboko mmoja akiingia anakula na kukanyaga jasho la nyumba nzima. Sasa kiboko dume ana tabia yake. Anapita njia ileile, anafika mahali palepale, anageuza makalio na kunya juu ya rundo la jana. Kwa hiyo rundo lenye mavi mapya juu, njia ni hai, chimba shimo lako hapo. Rundo ambalo juu yake umeota uyoga wa siku nyingi na halijaongezewa kitu, njia imekufa. Mwenyewe amehama au ameuawa, usijichoshe.

Uyoga wenyewe ulikuwa wa namna tatu, na majina ni ya baba, sijayasikia kwa mtu mwingine. Wa kwanza ni umande wa uongo. Unatoka siku ya pili au ya tatu, asubuhi na mapema: vishina kama vya kioo, vifupi kuliko ukucha wa mtoto mchanga, kila kimoja kimebeba nukta nyeusi kichwani. Asiyejua atadhani ni umande. Baba alinifundisha kupuliza. Umande unadondoka, huu unabaki umesimama. Jua likipanda zile nukta zinaruka zenyewe, na ukichunguza majani ya jirani utazikuta zimenata. Likipita juma hivi zinakuja dengu, visahani vya rangi ya chungwa vilivyobanana, vingine vidogo kuliko dengu yenyewe. Zikipita siku kumi na zaidi unakuja wino. Huo una kofia ya kijivu na mguu mwembamba kama uzi. Alfajiri umesimama wima, adhuhuri umeyeyuka na kubaki tone jeusi.

Miti nayo ina wake. Kila mwanzo wa msimu baba alizipapasa nguzo za dungu akitafuta vimasikio vyeupe, vidogo hata jicho linavipita. Nguzo yenye vimasikio imeoza ndani, hata kama ukiigonga inaitika vizuri. Mimi nilikuwa nakimbia kutoka nguzo hii hadi ile, nasema hii nzima, hii nzima, hii nzima. Baba alikuwa ananiuliza swali moja tu, bila kupandisha sauti: "Umeangalia, au umepita?" Nilikuwa nimepita. Alijua, na alikuwa anairudia mwenyewe kazi yangu.

Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya vita. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Ruaruke, kwa mwanamume aliyekata boriti mikokoni na kuzipeleka Nyamisati kuuza. Alikuwa mtu wa utani. Ukimkasirikia anacheka, na mimi hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Tulikaa na mama yake, mjane, msuka mikeka, mwanamke aliyeweza kukaa kutoka alfajiri mpaka alasiri bila kunyoosha mguu, ukili unamtoka mikononi kimya kimya. Nilimpenda na alinichosha. Naye nadhani hivyo hivyo.

Kisha vikaja Vita vya Maji Maji. Kwetu vilianza kwa maneno: kwamba huko milimani kwa Wamatumbi watu wamenyweshwa dawa, kwamba risasi itageuka maji, kwamba Mdachi atarudi alikotoka. Wako waliokwenda kuifuata hiyo dawa. Mume wangu hakwenda. Alisema yeye ana boriti mia hazijafungwa, hao wanaojua vita wapigane. Lakini vita havikumuuliza. Askari wa Mdachi walihitaji watu wa kubeba masanduku yao kwenda huko milimani, na mwanamume yeyote waliyemkuta njiani mwenye mabega walimtwika. Kutoka vijiji vya jirani walikuwa wameshachukuliwa wengi. Hatukuwa tumesikia hata mmoja aliyerudi.

Kwa hiyo siku tuliposikia kwamba kikosi kimeshuka Nyamisati, na masanduku, na punda wa kubeba, tulikimbia. Nyumba tatu, mitumbwi miwili. Tuliingia ndani ya mikoko, upande wa kuelekea Mbuchi, mahali ambapo wakata boriti walikuwa wameacha jukwaa lao la zamani, juu ya matope. Tulibeba mchele kidogo, mikeka, na mitungi mitatu ya maji. Mume wangu alisema kikosi kitapita kuelekea Kibiti siku hiyohiyo, sisi tukae kwanza mpaka tuwe na hakika.

Kukaa, basi. Mnanielewa. Jukwaa lile lilikuwa na upana wa hatua sita, nilizihesabu. Chini ni matope na mizizi yenye chaza wakali kuliko kisu, huwezi kutembea. Siku ya kwanza nilikagua nguzo zote za jukwaa. Zilikuwa za mkoko, nzima kabisa, hazina hata kimasikio kimoja. Siku ya pili nikazikagua tena. Siku ya tatu mama mkwe akaniambia, bila kuinua macho kwenye ukili wake, "Mwanangu, hizo nguzo zimeshakujua." Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natamani kupiga kelele.

Vuli ilinyesha siku nne tukakinga maji kwa makuti, kisha ikakata. Mitungi ikaanza kuisha. Maji ya pale ni ya chumvi. Mke wa jirani aliyajaribu akatapika mpaka akalegea. Ndipo mama mkwe akapata homa. Midomo ikampasuka, ulimi ukawa mzito, lakini hakuomba maji zaidi ya zamu yake. Alipunguza hata kusuka, na hilo lilinitisha kuliko homa. Siku ya kumi na mbili tulibakiwa na mtungi mmoja usiojaa kwa watu tisa. Mume wangu alisema sasa hakuna budi, lazima mtu aende kisimani kwetu na mitungi mikubwa, achimbue na mpunga tuliouficha.

Jambo lilikuwa moja tu. Kama kikosi kimeshapita na hakirudi, angekwenda yeye, kwa mtumbwi, na mitungi yote. Kama bado kinazunguka, wangekwenda wanawake kwa kunyatia, na vibuyu, kwenye dimbwi bovu lililo karibu, na mama angekunywa tope. Akanigeukia. "Wewe ndiye mtoto wa mwindaji," alisema. "Kesho nenda njiani ukatazame mavi ya punda. Lakini punda si kiboko. Usitazame rundo moja. Fuata njia mpaka kwenye kona, pale kwenye mkwaju, utazame matatu."

Ilinichoma. Mkata boriti ananifundisha mimi mavi. Mbele ya watu, tena. Nikamjibu kwamba alipokuwa akijifunza kushika shoka mimi nilikuwa naijua siku aliyokunya kiboko na njaa aliyokuwa nayo. Akacheka kama kawaida yake. "Sawa, bibie. Matatu lakini."

Niliondoka alfajiri, maji yalipokuwa yamejaa, kwa mtumbwi mdogo, nikiusukuma kwa upondo. Hesabu ya maji ilikuwa hivi. Ukienda na maji yakiwa yamejaa, ukafanya haraka, unarudi kabla hayajapwa. Ukichelewa, yanapwa, mtumbwi unakaa kwenye matope, na wewe unakaa nao mpaka jioni yajae tena. Kwenda hadi kwenye kona na kurudi kungenichelewesha. Nililijua hilo tangu nilipoweka mguu mtumbwini, na moyo wangu ulikuwa umeshaanza kwenda mbio.

Rundo la kwanza nililikuta hatua chache tu kutoka nilipofunga mtumbwi, chini ya kichaka, mahali penye unyevu. Nikapiga magoti. Na hapa nataka nieleweke, kwa sababu wako waliosema baadaye kwamba nilisoma vibaya. Sikusoma vibaya. Dengu zilikuwepo, zimeshaanza kukunjamana pembeni. Wino ulikuwepo, miguu mitatu imesimama na mingine ya jana imeyeyuka. Siku kumi na mbili, nikasema, na zilikuwa siku kumi na mbili. Nikatafuta umande wa uongo, nikapuliza kila tone, yote yakadondoka. Juu hapakuwa na mavi mapya. Mkono wa baba ungekuwa pale ungenipapasa kichwani.

Nikainuka. Nikatazama upande wa kona. Njia ilikuwa nyeupe, tupu, ndege wanaitana. Nikatazama maji, nikaona mstari wa unyevu umeanza kuonekana kwenye mizizi: yameanza kushuka. Nikajiona nimekaa kwenye matope mpaka magharibi, peke yangu, sina cha kushika, na ngozi ikaanza kuniwasha mwili mzima. Nikajiambia: rundo limeota wino, juu halikuongezewa, njia imekufa. Ndivyo nilivyofundishwa tangu nina meno ya utoto. Niliamini, wallahi niliamini. Lakini niliamini upesi kwa sababu nilitaka kuondoka.

Niliporudi jukwaani wanaume walikuwa wameingia ndani zaidi ya mikoko kutafuta kaa. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu pembeni ya jukwaa, uso chini, akitazama maji yalivyokuwa kwenye nguzo. Alinitazama mimi, akayatazama maji tena. Aliuliza, "Umeshafika?" Nikasema nimeshafika. Akafumba macho.

Mume wangu alirudi adhuhuri. Nikamwambia njia imekufa. Hakucheka safari hii. Aliuliza, "Umetazama mangapi?"

"Matatu," nikasema.

Sikusita. Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa, na likishatoka likawa kweli. Hata nikaongeza kwamba la tatu lilikuwa karibu na mkwaju na dengu zake zilikuwa nyekundu zaidi. Alinishika bega akasema, "Basi sawa." Mama mkwe alikuwa anasikia.

Aliondoka kesho yake alfajiri na maji yaliyojaa, na mitungi miwili mikubwa. Aliniachia shoka lake. Aliniambia nisimchokoze mama yake kwa kutembeatembea. Tulimtegemea jioni, maji yatakapojaa tena. Maji yakajaa, yakafika kwenye alama yake kwenye nguzo, yakaanza kushuka. Mimi nilikuwa nimesimama, na watu wote walikuwa wananiangalia mimi badala ya kuangalia maji.

Asubuhi nikauchukua mtumbwi wa jirani. Nikaukuta wa kwetu umefungwa vizuri, kwa fundo lake. Nikalipita rundo langu bila kulitazama, nikakimbia. Kwenye kona, upande wa pili tu wa mkwaju, katikati ya njia, lilikuwepo rundo jingine. Jua lilikuwa halijalifikia. Lilikuwa limejaa umande wa uongo toka pembe hadi pembe, vichwa vyeusi vyote vimeelekea kule kwenye mwanga. Nikapuliza. Vilibaki vimesimama. Mbele yake kulikuwa na jingine kama hilo, na jingine. Siku tatu. Siku niliyokuja mimi yalikuwa na siku moja. Punda walikuwa wamerudi, wakanya walipojisikia kunya, kwa sababu punda hana rundo lake, punda anakunya akienda. Mtoto yeyote wa pwani anajua hivyo. Mimi mtoto wa dungu sikujua, na aliyejua aliniambia nikamtukana.

Kijijini nilimkuta kikongwe mmoja aliyekuwa amekataa kukimbia, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Yeye ndiye aliyenipa habari. Kikosi kilikuwa kimerudi kuchukua masanduku yaliyobaki Nyamisati, kikapiga kambi kisimani kwetu. Mume wangu alitokeza na mitungi yake asubuhi, moja kwa moja mikononi mwao. Hakukimbia, alikuwa ameinama anateka. Wakamwacha amalize mtungi wa kwanza, sijui kwa nini, pengine walikuwa wanacheka. Kisha wakamtwika sanduku, wakang'oa hema, wakaondoka kabla ya adhuhuri kuelekea Kibiti. Mtungi wa pili waliuchukua. Wa kwanza ulikuwa bado umesimama kando ya kisima, umejaa pomoni, ameufunika kwa jani la mgomba.

Nililia pale kisimani, sitaficha. Nilijipiga mapaja. Kisha nikautwika ule mtungi, kwa sababu kule kulikuwa na watu wanakufa kwa kiu, nikaubeba bila kumwaga tone. Mimi ambaye sijawahi kubeba maji bila kulowa.

Mama mkwe nilimnywesha wa kwanza, kwa kata. Alikunywa nusu, akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Nikasema wamemchukua. Aliitazama kata muda mrefu. Kisha akaiinua kwa mikono miwili akamaliza maji yaliyobaki, na mimi nikatazama pembeni.

Nilifuata kikosi. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyeweza kunizuia. Niliwaacha jukwaani na maji na maneno ya jirani kwamba atamtazama mama, nikashika njia ya Ruaruke kwenda Kibiti, na kila rundo nililitazama. Nilipiga magoti kwa kila moja, hata lile la nne na la tano na la kumi, nikiwa nimechelewa nikizidi kuchelewa. Sasa nilikuwa na subira, tazama mambo. Mavi ya safari hii hayakuwa na umande wa uongo bado, yalikuwa matupu, nzi tu. Kila nilipolala niliamka nimepoteza nusu siku, na kila nilipotembea nilipata robo. Vijiji vya njiani vilikuwa vitupu, vingine vina majivu. Nilikula maembe mabichi. Nilizungumza peke yangu, zaidi nikimjibu yeye: bibie, mangapi? Nikawa namtajia. Saba. Kumi na moja.

Nilifika mto mkubwa siku ya tatu, alasiri. Rundo la mwisho lilikuwa pale kivukoni, chini ya mti, bado laini, majani hayajakauka ndani yake. Mvushaji alikuwa amekaa mchangani hana mtumbwi. Aliniambia wamevuka jana jua likielekea kuzama, punda wamevutwa kwa kamba, na mitumbwi yote imeachwa ng'ambo kwa amri. Nikamuuliza kama alimwona mtu mwembamba, mrefu, mwenye kovu la shoka kwenye ugoko. Alisema wote walikuwa na masanduku usoni. Nikaingia majini mpaka kifuani, yeye akaja akanivuta kwa kanga. Aliniambia kama nataka kuliwa na mamba nisubiri kesho, leo amechoka.

Dungu la baba lilikuwa karibu na pale, halina mtu. Nilizikagua nguzo zake, nne zina vimasikio, mbili nzima. Nilipanda hivyo hivyo. Na kila asubuhi nilishuka nikaenda kivukoni, nikapiga magoti mbele ya rundo la mwisho. Siku ya kwanza halina kitu. Siku ya pili umande wa uongo ukatoka. Nilikaa nikautazama ukizifyatua nukta zake, moja moja, nikaziona zikinata kwenye jani. Jua lilipozidi nikaogopa rundo litakauka, nikawa nachota maji ya mto kwa viganja na kulinyunyizia, kama mtu aliyeotesha mbegu. Mvushaji alinitazama kwa siku mbili, ya tatu akaanza kuniletea samaki, hakuniuliza kitu. Dengu zikatoka. Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Nilikuwa nimejiwekea kwamba kabla wino haujatoka atakuwa ametokeza ng'ambo.

Wino ukatoka asubuhi moja, mguu mmoja tu. Nilikaa nao mpaka adhuhuri. Ulipoyeyuka nikajifunga kanga nikarudi Ruaruke.

Baada ya hapo ilikuja njaa, na njaa ile ina watu wake wa kuisimulia. Mume wangu hakurudi. Hakuna aliyeniletea habari, si ya uhai wala ya kaburi. Sikukaa eda kwa sababu sikujua nianze kuhesabu siku gani. Nilibaki na mama yake, tukalima pamoja, tukazikwa na madeni ya msiba usiokuwa na maiti. Watu walikuja kwa miaka kutupa pole. Na kila aliyekuja, mama mkwe alimwambia maneno yaleyale, mikono ikiwa kwenye ukili: "Mkaza mwanangu aliangalia marundo matatu. Alifanya alivyoweza. Mungu alikuwa na yake." Matatu. Alilitaja kila mara, wala hakukosea. Mimi nilikuwa nainuka nakwenda jikoni.

Miaka mingi nimeinuka nikaenda jikoni. Siku moja, yeye ameshakuwa mzee wa kushikwa mkono, mgeni ameondoka sasa hivi tu, nilifika mlangoni mwa jiko nikashindwa kuingia. Nilirudi nikakaa mbele yake. Nadhani alishangaa kuniona nimekaa. Nikasema, "Mama, niliangalia moja."

Aliendelea kusuka. Nikafikiri hakusikia, nikataka kurudia, nikaona mikono yake imepoteza mstari, anasuka bila mpango, kitu ambacho sijapata kumwona akifanya.

"Najua," alisema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Ulirudi maji hayajapwa. Yalikuwa bado kwenye ile alama ya juu. Mtu hawezi kwenda mpaka kwenye mkwaju akarudi maji yakiwa pale." Aliufumua ule ukili alioharibu, taratibu, kamba kwa kamba. "Akakuuliza mangapi, ukasema matatu. Nilikuwa nimelala hapo hapo miguuni pake. Ningeweza kumwambia."

Yeye hakuwa akinitazama, alikuwa akitazama vidole vyake.

"Nilikuwa na kiu," alisema.

Tulikaa. Sijui ni muda gani, lakini nilikaa. Kisha nikainuka, nikachukua kata, nikaenda mtungini kumletea maji.